Sikio la Dada na Randa Mbili

Dada yangu hanunui mashine kwa macho. Anafumba macho, anainamisha kichwa upande, anamwambia muuzaji, "Washa," halafu anasikiliza kama mtu anayepewa umbea wa jirani. Huja na ubao wake mwenyewe kutoka karakana, ubao mgumu wenye fundo katikati, kwa sababu haamini mbao laini zinazowekwa dukani ili kila mashine ionekane ina akili. Wauzaji wengi wakimwona anaingia na ubao kwapani huanza kutafuta kazi ya kufanya stoo.

Mtaa mzima unamwita Fundi Sikio. Jina hilo alilipata siku alipovuka barabara kwenda kumwambia fundi wa upande wa pili kwamba msumeno wake umepoteza jino. Yule bwana alimcheka, akamtaka arudi kwenye milango yake, kisha akazima mashine, akachungulia, na kicheko kikamkauka mdomoni. Tangu hapo watu humletea mashine zao azisikilize kabla ya kuzipeleka kwa fundi umeme. Wateja nao wanamfuata kwa sababu milango yake hailii. Hakuna unaotoka karakana kabla yeye mwenyewe hajaufungua na kuufunga akiwa ametega sikio. Tunakula kwa sikio hilo. Mimi ni mdogo wake, kazi yangu ni kupaka vanishi, na siku nisipotaniwa kuhusu harufu yangu najua nyumbani kuna mtu anaumwa.

Basi randa yetu ya umeme ikafa. Ilitoa cheche, ikatoa moshi, ikanyamaza katikati ya mlango wa mteja mmoja asiye na subira. Hatukuwa na njia ila kununua nyingine, na hapo nyumba ikagawanyika pande mbili.

Upande mmoja alikuwa shemeji, mume wa dada. Shemeji ni fundi cherehani, na elimu yake yote juu ya mashine za mbao ni kwamba zina waya. Lakini kwenye suala la randa alikuwa haambiliki. Alitaka ya kijivu, ile ya kampuni yenye jina, ambayo hata sanduku lake lina kufuli na kitambaa ndani. "Sanduku lile," alisema, "unaweza hata kulaza mtoto mchanga." Mimi nilitaka ya zambarau, ya kampuni iliyoingia juzijuzi, ambayo vipuri vyake vinapatikana kila kona na ambayo nusu ya mafundi wa mtaa huu wanayo na hawajafa. Kununua ya kijivu, nilisema, ni kununua sanduku na kupewa randa kama nyongeza.

Tulibishana mezani mpaka chakula kikapoa. Shemeji ana tabia moja inayonitia wazimu: siku hizi hawezi kusema jambo na mkewe akiwa ameketi. Huinuka, huzunguka meza, husimama mbele ya dada uso kwa uso, kisha hutamka neno moja moja kama anayesoma tangazo la serikali.

"Ya kijivu. Mke wangu."

"Rudi ukae, shemeji," nilimwambia. "Hapa si mkutanoni."

"Nyote mnajichosha," dada alisema. "Nitakwenda dukani, nitasikiliza, maneno yataisha."

Nilijua nitashinda, maana wakati huo dada alikuwa na ugomvi na kila chenye jina kubwa. Alikuwa ameshafika birika la filimbi la tatu. La kwanza lilikaukiwa maji jikoni mpaka likawa jeusi, akasema filimbi yake ni mbovu. La pili likafanya vivyo hivyo. Alilaani viwanda, akalaani waagizaji, akanunua la tatu, la bei kubwa zaidi, na hilo nalo likaanza kumvunjia heshima. Simu ikiita pembeni yake alikuwa haishughulikii, ukimuuliza anasema mtandao. Nikimwita kutoka nyuma alikuwa anajifanya hamnazo, nami nikaamini ni kiburi cha umaarufu, nikawa namsema moyoni.

Dukani, muuzaji mwenye penseli sikioni alizipanga randa mbili juu ya meza. Dada akaubana ubao wake, akafumba macho.

Ilianza ya kijivu. Ilinguruma kwa sauti nzito ya chini, na maranda yakamwagika membamba, yamejikunja vizuri. Sikuipenda hata kidogo, ilikuwa nzuri mno. Kisha ikawashwa ya zambarau, na hapa naona aibu kidogo kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa wakili wake. Ilipiga yowe jembamba, la juu, lililopenya mpaka kwenye meno. Mteja aliyekuwa akichagua misumari aliziba masikio akakimbilia nje. Muuzaji mwenyewe alikunja uso.

Dada alikuwa ametulia tuli, kichwa upande, tabasamu dogo mdomoni.

"Hii," alisema ilipozimwa. "Ya zambarau imetulia. Ile nyingine inanguruma mno."

Muuzaji alinitazama, nami nikatazama maranda sakafuni. Ushindi wangu ulikuwa pale mezani, unasubiri kufungwa tu, na sikuutaka tena. Mabirika yote matatu yalinijia kichwani kwa mpigo.

"Fundi," muuzaji alianza, "labda hukusikia..."

"Tunatoka kidogo," nilimkatiza. "Humu kuna joto."

Tuliketi kwenye ngazi za duka. Nilikaa kando yake, halafu nikakumbuka, nikashuka ngazi moja na kumgeukia. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani.

"Dada, mabirika ni mazima."

Alijipangusa maranda magotini. "Najua."

"Umejua lini?"

"La pili lilipoungua."

"Sasa la tatu ulinunua la nini?"

"Ili mzidi kuniona mkorofi," alisema. "Mkorofi anaachiwa karakana yake. Fundi Sikio asiyesikia ataachiwa nini?"

Akanieleza taratibu. Sauti nzito bado zinamfikia. Nyembamba ndizo zinazomhama, moja baada ya nyingine: filimbi, simu, ndege wa asubuhi. Leo alitaka kujipima amebakiwa na kiasi gani. Alipowashiwa ya zambarau aliona kimya, akadhani ni sifa ya mashine. Nililia pale pale kwenye ngazi, na sikulia kistaarabu.

"Usinilowanishie gauni," alisema.

"Ile ya zambarau ikiingia karakana itakumalizia hata hicho ulichobakiwa nacho," nilimwambia. "Sauti yangu nitakuja kukuandikia ukutani."

"Sauti yako si hasara kubwa," alisema, lakini alinishika mkono, tukarudi ndani.

Safari hii hakufumba macho. Aliweka kiganja juu ya ubao, mbali na makali, akanisimamisha mbele yake.

"Ya zambarau inasemaje?"

"Inalia kama mtu aliyekanyagwa kidole na anataka mtaa wote ujue."

"Na ya kijivu?"

"Inakoroma kama shemeji akishiba."

Alicheka mpaka muuzaji naye akacheka. Kiganja chake kikatoa ushahidi uleule: ya zambarau ilikuwa ikiutetemesha ubao mzima, ya kijivu ilikuwa ikiteleza. Akachukua ya kijivu, na vya kuzibia masikio, vyake na vyangu.

"Mumeo atafurahi," muuzaji alisema akifunga lile sanduku. "Alikuja wiki iliyopita. Akataka niziwashe zote, akasikiliza hadi mwisho, akauliza ipi haitamharibia mtu masikio. Nilipomwambia ni hii, akaniomba nisiseme. Kwamba nyumbani yeye atasifia sanduku."

"Rudia," dada alisema.

Muuzaji akarudia. Sijui kama mara ya kwanza hakumsikia au alitaka tu kusikia tena.

Nyumbani shemeji alifungua kufuli la sanduku, akalifunga, akalifungua tena, akatuonyesha kile kitambaa kana kwamba amekishona yeye.

"Kwa kweli sanduku ndilo lililonishinda," dada alimwambia.

"Si nilisema?" alinigeukia mimi, kifua mbele.

Tulikuwa tumeanza kula birika lilipopiga filimbi jikoni. Nikanyoosha mkono nimguse dada begani, lakini shemeji alikuwa ameshainuka. Alizunguka meza, akasimama mbele yake uso kwa uso.

"Birika. Mke wangu."

"Nimesikia," dada alisema, akaenda kuliepua.

Sikumwambia shemeji arudi akae.