Bata Wakubwa wa Mama

Mama yangu hakuwa na ugomvi na mtu Tabata nzima mpaka alipogawa vifaranga vya bata. Ni mwenyekiti wa jumuiya yao, wale waumini wa mtaa mmoja wanaosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, na kila aliyekuja kusali kwake aliwaona wale vifaranga akawatamani. Walikuwa wakubwa jamani, kifua hiki! Akawagawia wanawake wenzake bure, kwa moyo mweupe.

Bata wakakua, wakataga, wakalalia. Halikuanguliwa hata yai moja. Kwa mama, bata wake wa zamani waliendelea kuangua kama kawaida, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mhazini wa jumuiya, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akatangaza kwamba mama aliwadunga sindano wale vifaranga ili mtaa mzima ubaki unamtegemea yeye. Mama alikuwa nesi kabla ya kustaafu, kwa hiyo habari ya sindano ikaaminika haraka. Wakakubaliana kwamba zamu ya sala ikifika kwetu, wakishasali tu, wamvue uenyekiti.

Aliponipigia simu alikuwa analia. Mie nafundisha baiolojia sekondari huko Ukonga, na hasira zangu wanafunzi wanazijua. Nikajizuia, nikamuuliza swali moja: dume la bata wako ni lipi?

"Si ni lile jeupe," akasema. "Lile la uso mwekundu tulilila kwenye kipaimara cha mdogo wako. Dume ni dume."

Loo! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Majike yake ya zamani ni wale bata wenye nyama nyekundu usoni, wasiopiga kelele. Lile dume jeupe ni spishi nyingine kabisa, hata kama wote tunawaita bata. Sie tunaosoma viumbe hatuulizi tu kama wawili wanaweza kupandana. Tunauliza kama watoto wao nao watazaa. Si kila mahali mpaka uko wazi hivyo, kuna mimea na wanyama wanaotuvuruga mpaka leo, lakini kwa bata hawa jibu linajulikana: mtoto anatoka mkubwa, mzuri, na hazai.

Jumamosi ikafika. Sala ilipokwisha, mhazini akasimama na beseni la mayai aliyoyatoa chini ya bata wake.

"Mwenyekiti, sie tunakuheshimu, ila..."

"Shikamooni mama zangu," nikamkatiza, maana hasira isikutoe adabu. "Kabla hamjasema lolote, naomba mwingie chumbani."

Wakajazana mpaka juu ya kitanda cha mama. Nikavuta mapazia, nikawasha tochi ya simu na kumpa mhazini mwenyewe. Nikamwambia amulike yai lake. Likang'aa lote, jeupe, halina kitu ndani.

Nikampa la pili. "Hili ni la bata mmoja mkubwa ambaye mama alijibakizia. Mulika." Nalo tupu. "Sasa niambieni, alimdunga na wa kwake?"

La tatu nilikuwa nimelitoa chini ya jike la zamani, la uso mwekundu. Mhazini akalimulika, tukaona mishipa myekundu imetambaa kila upande, na katikati kitu kidogo kikajitikisa.

"Yesu wangu, kinacheza!" akapiga kelele mtu kutoka kitandani.

Nikawaeleza kwamba bata wao wana mama wa spishi moja na baba wa nyingine, na ndiyo maana hawaangui. Mmoja akauliza kama basi bata wake hana kosa. Nikasema hana, wala mama yangu hana. Vigelegele vilivyopigwa mle ndani nadhani vilisikika mpaka barabarani. Mhazini akatoka hadi ukumbini alikobaki mama, akapiga magoti mbele yake, akaomba msamaha kila mtu akisikia. Raha niliyoisikia sijawahi kuisikia mbele ya darasa lolote, na sitaki kujidai sikuisikia.

Watu wakaanza kuvaa viatu kwa haya, kila mmoja anataka kuwahi nyumbani. Mama, aliyekaa asubuhi nzima na kanga mdomoni, akainuka.

"Rudini mkae," akasema. "Kikao hakijafungwa, na mwenyekiti ni mimi."