Nani Kanywa Leo

Mdomo wangu ni mkali. Nimeambiwa hivyo tangu utotoni kwetu Ukambani, na kampuni ya ulinzi iliyonileta Dubai haikuchukua muda kugundua. Walikuwa wamenipanga kwenye jumba la maduka, mahali penye baridi na watu. Siku moja nikamjibu msimamizi wangu vile alivyostahili kujibiwa, na wiki iliyofuata nikajikuta shambani, nje kabisa ya mji, ambako mchanga unapanda juu ya lami na hakuna wa kuufagia. Hiyo ilikuwa adhabu. Mlinzi wa shamba haoni mtu. Basi la kampuni likitoka mabweni yetu Muhaisnah linashusha wengine wote kwanza, halafu dereva anakutazama kwenye kioo kana kwamba amesahau upo.

Habari za mabweni usiniulize. Tulikuwa wanawake wengi chumba kimoja, wa zamu tofauti, kila mmoja na pazia lake kitandani na simu yake sikioni. Ukikohoa unaambiwa kuna watu wamelala. Mama yangu alifariki nikiwa humo na sikwenda kuzika. Nililia chini ya shuka kimya kimya, kwa sababu kulikuwa na watu wamelala. Nasema wazi kwa kuwa watu wa nyumbani hudhani aliye Dubai anaogelea katika raha: nilikuwa mpweke hadi nikaanza kusalimiana na geti.

Shamba lenyewe lilikuwa la mitende, na nyumba katikati, na mbele ya nyumba uwanja wa nyasi. Nyasi, jangwani! Kwetu nyasi zinamea zenyewe na bado mbuzi hawashibi. Hapa zilimwagiliwa jua likiwa utosini, maji yakirushwa hewani kama marashi ya harusi. Nje ya ukuta, kando ya kibanda changu, kulikuwa na bomba moja la shaba chini ya kipaa cha vigae, na kikombe cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo. Nilidhani ni la kunawia miguu.

Siku ya kwanza, baada ya sala ya alasiri, mwanamke mzee aliletwa getini kwenye kiti cha magurudumu na msichana wa kazi, aliyemwacha hapo akarudi ndani. Nikasimama wima nikamwita madam, kama tulivyofundishwa. Alinitazama kuanzia buti hadi kofia, akasoma kibandiko cha nchi yangu kifuani, kisha akasema kwa Kiswahili ambacho mimi nilikuwa nakisikia redioni tu:

“Weye mtoto, kwenu hamwamkii wakubwa?”

Ai! Nilisahau hata jina langu. Kwetu bara shikamoo tunaiona kwenye vitabu vya shule, lakini siku hiyo ilinitoka yenyewe. Akaitikia marahaba polepole, kama mtu anayeonja kitu alichokikosa siku nyingi. Alikuwa amezaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa msichana, akaolewa, akazaa, akazika mume. Wale aliokuwa akizungumza nao Kiswahili walikuwa wamekwisha kufa. Mwanawe, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita sir, alikielewa lakini alimjibu kwa Kiarabu. Kwa hiyo tulikuwa wawili wenye njaa moja, ingawa mimi nilikuwa na sare na yeye ana shamba.

Ndiye aliyenieleza lile bomba. Marehemu mumewe alikichimba kisima cha shamba enzi ambazo pale hapakuwa na jirani, na maji yalipotoka matamu akatoa bomba nje ya ukuta liwe sabili. Maji ya sabili ni ya bure kwa ajili ya Mungu. Hayauzwi, hayaombwi, na mnywaji haulizwi ni nani wala anasali wapi. Mwenye kuyatoa akifa, kila anayekunywa anampelekea thawabu kaburini. Wakiacha kunywa, thawabu inakatika. Hivyo ndivyo Bibi alivyoamini, na mimi, Mkristo wa kanisa la mabati, sikuwa na cha kubishana. Kila alasiri aliletwa getini kuuliza swali lilelile.

“Nani kanywa leo?”

Mwanzoni nilikuwa na majibu. Vibarua wa shamba la pili walikuwa wakipitia. Dereva wa lori la mbolea alikuwa akijaza chupa. Bibi alitaka kujua walikuwa watu wa namna gani, walikunywa wamesimama ama wameketi, walishukuru ama walinyamaza, na mimi nilimsimulia kwa madoido yangu yote, maana kusimulia najua. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Baadaye dereva alinywa funda moja, akatema, akapanda lori lake. Vibarua wakaanza kuja na chupa za dukani. Ikafika alasiri moja ambayo hakuna aliyekuwa amegusa kile kikombe.

Bibi akauliza. Mimi uongo siuwezi, uso wangu unanisaliti upesi. Nikamwambia asubiri, nikatoka nje ya geti, nikafungua bomba, nikanywa kikombe kizima. Maji yalikuwa ya chumvi, na nyuma ya chumvi kulikuwa na uchungu fulani unaobaki kooni. Nikarudi.

“Mimi, Bibi.”

“Weye si mpita njia.”

“Sikuzaliwa hapa, Bibi. Napita tu.”

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, “Mungu akupe afya, mwanangu.” Mwanangu. Tangu mama aende sikuwa nimeitwa hivyo. Nilirudi kibandani nikajifanya napanga viti, na kiti kilikuwa kimoja.

Basi ndiyo ikawa kazi yangu. Maji ya chumvi hayakunitisha. Kwetu kiangazi tunafukua mchanga wa mto uliokauka hadi maji yachomoze, na mengine yana chumvi ya kukataa sabuni, tunakunywa na tunakua. Ila mto wetu una sheria zake. Ukishateka unaondoka, unaliacha shimo lijae lenyewe, na ole wako ufulie nguo karibu nalo, utatozwa mbuzi na utasemwa hadi na watoto. Pale shambani sikuona sheria. Kila jirani alikuwa na nyasi zake na pampu yake, wengine na chemchemi za mapambo, na kila mmoja akisikia mwenzake amechimba chini zaidi, naye anachimba.

Ncha za makuti zilipoanza kugeuka rangi ya kutu, sir alimleta fundi wa pampu, Mpakistani wa makamo mwenye subira. Fundi aliteremsha pampu chini zaidi, na baada ya muda akaitwa tena kuiteremsha. Mara hiyo ya pili alikunywa chai kibandani kwangu akanieleza kwa maneno machache na mikono mingi. Maji matamu, alisema, yamelala juu ya maji ya chumvi. Ukivuta taratibu, mvua ya mwaka na mwaka inarudisha kidogo. Ukivuta kwa pupa, ya chumvi yanapanda. Na kile kinachomwagwa juu kinashuka kuyafuata: mbolea za mashamba yote, na mashimo ya vyoo ya nyumba zote. Mashamba yale yote yalikuwa yakinywa kwenye tumbo moja.

Sir alipeleka maji yakapimwe. Majibu yaliporudi alikuja mwenyewe getini, akaniambia kwa Kiingereza kwamba hayafai kunywewa na mtu, akabandika tangazo la lugha hiyo hiyo juu ya bomba. Hakuwa mtu mbaya. Alimwomba mamake amruhusu aunganishe sabili na bomba la mji, maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, safi kabisa. Bibi alikataa. Hiyo itakuwa sadaka ya serikali, alisema, na serikali haijafa. Kisima ni cha mumewe na maji ni yake. Tangazo likae kwa wanaotaka kusoma. Kumbe mwanawe hakuwa amemwambia yote. Alimwambia maji yameingia chumvi, basi, akaogopa kumtajia vyoo. Bibi mwenyewe alikuwa na presha, daktari alimkataza chumvi, akawa anakunywa ya chupa tangu marehemu yuko hai. Alikuwa hajui ladha ya kisima chake.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimesoma tangazo, nilikuwa nimemsikia fundi. Na bado kila alasiri nilitoka nikanywa. Tumbo lilianza kunisokota ndani ya basi, midomo ikapasuka pembeni, usiku nikawa wa kuamka na kwenda chooni nikiguna huku wenzangu wakinung'unika nyuma ya mapazia. Niliwaza kuacha, na kila nikiwaza kuacha naona saa ya alasiri inafika, Bibi anauliza, nami nasema hakuna. Angeletwa getini kufanya nini tena? Nani angeniita mwanangu? Sikunywa kwa ajili ya marehemu, nisijipake sifa. Ningekunywa hata dawa ya panya nikiitwa jina hilo.

Alasiri moja alifika mapema kuliko kawaida, mimi nikiwa nimeinama nje ya geti nikijishika tumbo. Nilijinyoosha haraka.

“Nani kanywa leo?”

“Mimi, Bibi.”

Alinitazama midomo iliyopasuka. Kisha akaniambia nimletee kikombe na maji ndani yake. Nikasema mnyororo haufiki. Akasema basi asukumwe yeye. Nikasema daktari amekataza. Akasema daktari hakumzaa. Nilimsukuma nje ya geti, nikamjazia kidogo kabisa, chini kabisa ya kikombe. Aliyatia mdomoni akayashika humo. Halafu yule mwanamke mwenye adabu zake, ambaye hata kupiga chafya aliziba uso, akatema mchangani mbele yangu.

“Haya ndiyo unayokunywa kila siku?”

Niliitikia kwa kichwa.

“Na hilo tangazo limeandikwa nini?”

Nikamsomea. Nikamweleza na ya mbolea na ya vyoo, kwa sababu aliniuliza, na uongo siuwezi. Alifunga macho.

“Marehemu alichimba kisima watu wasife kwa kiu,” alisema. “Hakukichimba ili mtoto wa mwenzake afe kwa adabu.”

“Bibi, naweza kuendelea. Nimezoea.”

“Najua utaendelea. Ndiyo maana nakifunga.”

Sir alipokuja kesho yake alidhani ni bomba la nje tu. Bibi akasema khalas, imekwisha, bomba na pampu pia. Walizungumza pale pale getini, yeye kwa Kiswahili, mwanawe kwa Kiarabu, na mimi nikitazama barabara kama mlinzi asiye na masikio. Sir, kwa kadiri nilivyookota Kiarabu chake, alihesabu hasara zote: mitende itakauka, bustani itakufa, shamba bila kijani halina maana, itabidi Bibi ahamie nyumba yao ya zamani Al Baraha, ghorofani, juu ya maduka. Bibi alisema anajua. Alisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na hata wao walichovya, tena kwa ajili ya nyasi. Ndipo sir akamwuliza kwa Kiswahili, kilichovunjika vunjika, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kukisikia kinywani mwake:

“Na sadaka ya baba, mama?”

“Babako katoa maji juu ya ardhi miaka yote. Sasa atayatoa chini. Yaacheni yakae, wako watakaokuja.”

Maneno yale yalikuwa mazuri na niliyachukia. Watakaokuja ni akina nani? Mimi nilikuwa nimekwisha kuja! Nilikuwa nimesimama pale pale na buti zangu, na katika hesabu ya kisima, mitende na marehemu, hakuna aliyetaja kwamba alasiri zangu nazo zinafungwa. Nilikasirika kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nikageuka nikawafungulia geti.

Fundi alikuja akayavuta mabomba ya kisima moja moja. Yalitoka yamegandwa na chumvi nyeupe, nene kama ukoko wa ugali. Alifunika mdomo wa kisima kwa zege, akakata mnyororo wa kile kikombe, na Bibi akakidai. Siku aliyoondoka kilikuwa mapajani mwake, juu ya mtandio. Gari lilisimama getini na kioo kikashuka. Nilikuwa nimepanga maneno, nikaishia kumpa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanyoosha mkono akanigusa pembe ya mdomo, pale palipoanza kupona.

“Kunywa maji, mwanangu,” akasema.

Shamba lisilo na mtu halihitaji mlinzi. Kampuni ilinihamishia Al Quoz, kwenye geti la ghala la vigae vya sakafu, na msimamizi akaniambia ni kama nimepandishwa cheo. Al Baraha si mbali sana, hata Ijumaa moja nilipanda basi nikashuka karibu na mtaa wao. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikitazama madirisha ya juu. Mimi ni askari wa geti, najua vizuri mtu anavyotazamwa akifika kwa watu bila kuitwa. Nikarudi.

Nje ya ghala hapa kuna sabili pia, jokofu la maji lenye mabomba, limewekwa na mtu nisiyemjua kwa ajili ya marehemu nisiyemjua. Maji ni baridi na matamu. Wanakunywa madereva, wapakiaji, wafagiaji, tangu asubuhi hadi jioni, na mimi nawaona wote: nani kanywa amesimama, nani kachuchumaa, nani kashukuru, nani kajimwagia kichwani akacheka. Adhana ya alasiri ikiisha nami nachukua kikombe changu, najaza, nakunywa chote, halafu nageuka kulielekea geti. Tumbo langu lilipona zamani. Nimekunywa, Bibi, na hakuna anayeniuliza.