Ghorofa Isiyo na Vyumba

Siku Kyakimwa alipopandishwa ngazi za chuma za depo, yaani ghala, ya shemeji yake kule Ruashi, mjini Lubumbashi, alifika juu akasimama. Mbele yake palikuwa na ukumbi mmoja tu, mrefu kama kanisa: nguzo sita za chuma, sakafu ya saruji, madirisha pande mbili, na harufu ya sabuni iliyokuwa imelundikwa pale kwa miaka. Ukuta wa ndani haukuwepo hata mmoja.

"Ni yenu," alisema Rodrigue, mdogo wa mume wake. "Choo na bafu viko kule pembeni. Kaeni mpaka mtakapochoka."

Kyakimwa alishukuru kutoka moyoni. Mwezi uliotangulia walikuwa bado Goma. Mabomu yalipoanza kuanguka mtaani kwao, yeye, mama mkwe wake Constance na mabinti zake wawili, Jemima na Dorcelle, walikimbilia ukumbi wa shule uliokuwa umeshajaa watu. Walikaa humo siku kumi na moja, kisha wakatoka kwa miguu na kwa mabasi, wakavuka nchi tatu mpaka Lubumbashi. Mume wake, Paluku, dereva wa lori, alikuwa amekwama upande wa Butembo, barabara imefungwa na vita. Sauti yake walikuwa wameisikia kwenye simu mara mbili tu.

Kyakimwa alikuwa fundi wa mapazia. Kwa miaka kumi na minane aliingia katika nyumba za watu na futi yake ya kupimia, akapendezesha sebule za wengine. Nyumba yake mwenyewe waliijenga chumba baada ya chumba, ikawachukua miaka tisa, na wakaikimbia kwa robo saa. Kwa hiyo alipouona ukumbi ule, mikono yake ilijua la kufanya kabla ya kichwa. Rodrigue alimletea majora mawili ya kitambaa na cherehani. Kyakimwa akafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akakata, akashona, akatundika. Hapa chumba cha mama, hapa cha wasichana, hapa changu, hapa jiko. Siku ya nne ukumbi ulikuwa na vyumba vinne vya nguo.

Lakini Constance hakuingia chumbani mwake. Alivuta kiti mpaka juu ya ngazi, akajifunika blanketi, maana baridi ya Juni huko haina mchezo, akashinda hapo. Chakula alikuwa akionja tu. Na kila baada ya muda aliita:

"Dorcelle?"

Mtoto akiitika nyuma ya mapazia, bibi hunyamaza. Kidogo tena, "Dorcelle?"

Kyakimwa aliona haya. Alidhani mama mkwe, aliyezoea nyumba yenye kuta na milango, anajiona ametupwa ghalani. Haya hiyo ikazidi Rodrigue alipopanda na habari njema: Paluku amefika Zambia kwa kupitia Uganda na Tanzania, na baada ya siku tatu atavuka mpaka wa Mokambo. Je, amkute mama yake ameketi ngazini kama mlinzi? Asubuhi hiyo hiyo Kyakimwa alishuka kwenda kwa Chilufya, seremala wa jirani, amjengee kuta za triplex, zile mbao nyembamba.

Chilufya alikuwa mwanamke mzaliwa wa hapo hapo. Ufundi alifundishwa na baba yake, aliyefanya kazi katika karakana za mgodi kabla hazijafungwa. Alipanda na penseli sikioni, akapenya pazia moja hadi jingine, akatoka upande wa pili akipangusa uso.

"Mama Jemima, iko madirisha kumi huku, na munakaa mu giza. Juu ya nini?"

"Mama mkwe wangu hajazoea kukaa bila kuta."

"Ni nani alikuambia vile?" Constance aliuliza kutoka ngazini.

Wote wawili wakageuka. Mama mzee aliendelea taratibu, macho yake kwenye vitambaa.

"Kule shuleni kila jamaa ilitundika shuka zake. Unakumbuka. Siku bomu lilianguka kwenye kiwanja, wewe na Jemima mlikuwa mmeenda kuchota maji. Mimi nilibaki na Dorcelle. Watu wakakimbia. Nikainua shuka, nikakuta ingine. Nikainua, nikakuta ingine. Nikaita jina lake mpaka sauti ikaisha. Mlimpata nje, mkasema Mungu ni mwema, na mimi nikasema amina. Lakini mimi ningali ndani ya zile shuka, Mama Jemima."

Kyakimwa alikuwa akijua tu kwamba mtoto alipatikana langoni, salama, na kwamba bibi alitoka baadaye akitetemeka. Hakuwahi kuuliza zaidi. Alichukua mkasi wake, akapanda juu ya kiti, akakata kamba ya kwanza. Pazia likaanguka, na jua la saa nne likaingia mpaka katikati ya sakafu.

"Shusha yote," Chilufya alisema, akaanza kumsaidia. "Bantu benye nyumba ndogo ndio batafute kuta. Huku tutapanga na makabati. Mafupi, yafike kiunoni. Kabati inakuambia: huku ni jiko, huku ni kitanda. Lakini haikufichi muntu."

Siku mbili baadaye Chilufya alileta makabati, nao kitanda cha Constance wakakiweka kwenye nguzo ya katikati. Akilala kwa ubavu anaona ngazi, akigeuka anaona jiko. Vitanda vya wasichana vilikwenda chini ya madirisha ya mashariki. Meza kubwa Chilufya aliahidi kuileta kesho yake. Walikuwa bado wanasukuma kabati la kwanza, nguo zimetapakaa sakafuni, vyungu vimewekwa juu ya magodoro, waliposikia hatua nzito kwenye chuma. Paluku alikuwa amepata lori la kumleta mapema, akatangulia siku nzima.

Alifika juu, mfuko begani. Hakuhitaji kuuliza nani yuko wapi. Aliwaona wote kwa mara moja: mama, mke, Jemima, Dorcelle. Akakaa kwenye ngazi ya mwisho.

"Muko wote," alisema.

"Tuko wote," Kyakimwa alijibu, na ndipo machozi yakaja.

Baada ya salamu, kilio na maji ya kunawa, Constance alisema kwamba pazia moja libaki, kule mwisho, la mume na mke. "Ninyi sina haja ya kuwaona," alisema, na Chilufya akacheka mpaka akaegemea nguzo.

Mchana huo, wakiwa bado wanapanga, bibi alijilaza kitandani kwake. Kyakimwa alipoona amefumba macho, aliweka kidole midomoni, watu wakanyamaza.

"Zungumzeni," Constance alisema bila kufumbua macho. "Ninalala."