Baba, Mkamwana na Kikombe Kimoja

Naanza na jino, maana bila jino nisingejua kusoma wala kuandika. Lilianza kuniuma nikiwa machimboni Chunya, kijana wa kuosha mchanga wa dhahabu ya watu wengine. Shavu likavimba mpaka jicho la upande ule likabaki kama ufa wa mlango. Wenzangu, Wasafwa na Wasangu na Wanyakyusa kama mimi, kila mmoja akanipa dawa ya kwao, na kila dawa ikaongeza maumivu. Mwishowe wakanipeleka kwa mwinjilisti mmoja aliyekuwa na koleo la fundi baiskeli. Akanikalisha juu ya debe, akanikandamiza kifua kwa goti, akang'oa. Akaligeuzageuza lile jino, akasema, "Pole, mwanangu. Mwenye makosa ni jirani yake." Akang'oa na la pili.

Nilibaki kwake siku kadhaa kwa sababu damu ilikataa kukauka. Kusema siwezi, kula siwezi, basi akawa ananionyesha herufi. Hiyo ndiyo shule yangu yote. Kutoka herufi tukaingia katekisimu, na mchungaji alipopita na lori akanibatiza kijitoni asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo akanipa Chakula cha Bwana. Machimboni hakuna aliyengojeshwa. Leo mtu yupo, kesho kahama au shimo limemwangukia. Nikadhani ndivyo ilivyo kila mahali.

Niliporudi kwetu, kwenye miteremko ya Rungwe, nikakuta mambo ya kanisa yanakwenda kwa mwendo wa ng'ombe mwenye mimba. Darasa la ubatizo miaka miwili. Ukishabatizwa unangoja tena, wazee wa kanisa wanakuangalia kama unakunywa pombe, kama unapiga mke, ndipo Pasaka moja unaitwa mezani. Mimi nilikwishakula, kwa hiyo wakanitazama kama mtu aliyeruka ua.

Mama alikuwa amefariki nikiwa Chunya. Yeye alikuwa Mkristo wa siku nyingi, baba hakuwa. Kila Pasaka alimsindikiza mama mpaka kanisani, akabaki nje na kiko chake, mama akaingia akala, akatoka, wakarudi nyumbani wakibishana njia nzima juu ya migomba. Sasa mzee alitaka kubatizwa. Nilimuuliza sababu, akanijibu bila kuzunguka: "Nimekaa nje ya nyumba ile maisha yangu yote. Kifua hiki hakinipi muda. Nataka kula mara moja pale alipokuwa anakula mama yako."

Mwaka huo nikaoa. Mke wangu alitoka kwa watu wasio Wakristo, akaanza darasa pamoja na baba. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunikosesha usingizi.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Akimsikia mzee anakuja, mke anaacha njia, anaingia migombani, anafunika uso mpaka apite. Jina lake halitaji. Chombo alichogusa mzee kwa mdomo yeye hakigusi, na akikigusa, walisema, tumbo linaharibika, mtoto hakai. Basi darasani baba alikaa ndani, mbele kabisa kwa sababu ya masikio yake, na mke wangu alikaa nje nyuma ya ukuta wa mianzi, chini ya matone ya paa. Amri zote kumi alizipata kupitia nyufa. Akazijua kuliko baba, ambaye ya sita na ya saba alikuwa anazibadilisha nafasi kila mara.

Ubatizo ulipita salama, ilikuwa Krismasi. Wanaume walibatizwa kwanza wakatokea mlango wao, ndipo wanawake wakaingia. Lakini Pasaka ilikuwa inakuja, na meza ilikuwa moja, na kikombe kimoja.

Mchungaji wetu alitoka upande wa Iringa, Mbena, mrefu, mpole, asiyependa kelele. Wazee wa kanisa wakamweleza. Akasema, "Hata kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini hafichwi." Mzee mmoja akasema mkamwana asubiri, yeye bado kijana. Mchungaji akamuuliza, asubiri mpaka lini? Hakuna aliyejibu, maana jibu lilikuwa mpaka baba afe, na baba alikuwa amekaa palepale. Mwingine akatania, "Basi mzee tumpe kwa mlango wa nyuma, kama pombe ya magendo." Baba mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Mchungaji hakucheka. Akaamua wote wawili wangoje mwaka mzima, watafakari.

Mwaka ule sikutulia. Nikilima nawaza, nikila nawaza. Siku moja nikaacha kahawa juani bila wa kuigeuza, nikadandia lori mpaka Mbeya mjini, nikaingia duka la Mhindi mmoja nikaomba kikombe.

"Cha chai?" akauliza.

"Cha Bwana."

"Bwana yupi? Wa bomani?"

"Wa mbinguni."

Akaniangalia, akapanda ngazi, akateremsha kimoja cha bati jeupe chenye maua pembeni. Nilikifunga ndani ya shati nikarudi nacho kama mtu aliyebeba yai. Nikampelekea mchungaji. Akakishika, akakisifu maua, akanirudishia. "Ndugu yangu," akasema, "leo naweka viwili kwa ajili ya baba yako. Kesho wenye viatu watataka chao, na Wasafwa chao, na mimi Mbena nitakunywa peke yangu." Nikakifunga tena ndani ya shati. Njia nzima nilimkasirikia, na sijui mpaka leo kama nilikasirika kwa sababu alikosea au kwa sababu alisema kweli.

Pasaka ya pili ilipokaribia, mke wangu alikuwa na mimba. Mchungaji akatuma habari kwamba mwaka umetimia, waje wote wawili, atakayekuja atapewa. Jioni ile baba alikuwa barazani, mke wangu jikoni nyuma ya ukuta, mimi katikati mlangoni. Hawakuweza kusemezana, kwa hiyo walisema na mimi, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie tata wako," akasema mke wangu, "mimi nitakunywa. Mwenye meza atanilinda."

Nikageuka. "Tata, anasema..."

"Nimesikia, mimi si jiwe. Mwambie mkamwana tumbo hilo si lake peke yake."

"Mwambie najua. Mwambie pia nimekaa kwenye matone miaka miwili. Sirudi nyuma ya ukuta tena."

Baba akagonga kiko kwenye nguzo. "Mwambie ndaga," akasema mwisho. Kwetu hilo ni asante. "Mwambie ana akili kuliko wewe."

"Hilo nalo nimwambie?"

"Amelisikia. Nenda ukalale."

Sikulala. Niliona kwamba mmoja wao lazima akose, na sikujua nimwombee nani.

Jumapili ya Pasaka mvua ilikuwa imekatika. Baba alivaa kanzu aliyoazima na kofia ya marehemu kaka yake. Wale wa mara ya kwanza waliitwa mbele, wanaume kulia, wanawake kushoto, na kati yao uwazi wa mtu mmoja tu. Mke wangu alijifunika khanga kichwa kizima, ungesema mtungi umepiga magoti. Mchungaji alianza na mkate. Baba akapokea. Nilikuwa benchi la pili, nikamwona anatafuna polepole, macho amefumba, mashavu yanakwenda kama ya mtu anayetafuta ladha aliyoisahau. Alitafuna muda mrefu kuliko mkate wenyewe.

Kisha kikombe. Kilianzia kwa wanaume, mwisho wa mstari, kikawa kinakuja. Baba alikuwa wa mwisho upande wetu, baada yake uwazi, baada ya uwazi wanawake. Kilipofika kwa jirani yake alifumbua macho. Hakumtazama mkamwana, kwa sababu hata pale heshima ilimkataza. Alinitazama mimi. Kisha akashika goti, akanyanyuka, akaokota kofia yake benchini pembeni yangu, na mchungaji akabaki amenyoosha kikombe kwa mtu aliyekwishageuka.

Mchungaji akasimama kidogo. Halafu akavuka uwazi, na mke wangu akainua ukingo wa khanga, akanywa.

Kupitia mlango wa wanaume nilimwona baba anashuka kijia cha kahawa, kofia mkononi, hana haraka. Kanisani hakurudi tena.