Nahodha Feni na Kiti cha Mama

Kwenye kitambulisho jina lake ni Muhdhar. Lakini nenda Mji wa Kale ukamuulizie, utaambiwa, "Muhdhar yupi? Muhdhar wa mikate ama Nahodha Feni?" Na ukisema wa mikate, yule anayekuelekeza atasikitika kidogo, maana alishaanza kutafuta video akuonyeshe.

Ilikuwa Idi Pili. Muhdhar ni fundi wa simu. Ana kibanda cha upana wa mlango mmoja nyuma ya Biashara Street. Miezi minne mizima alikuwa akiunda otopailoti, yaani mashine ya kuifanya boti ishike usukani yenyewe. Mota ya waipa ya gari ndiyo mkono wa kuzungusha usukani. Kompyuta ndogo kama kadi ya benki ndiyo akili. Na sensa ya dira ndiyo jicho, kazi yake kuiambia ile akili boti imeelekea wapi. Akili na jicho akavitia ndani ya mkebe wa aiskrimu, kwa sababu uhandisi wa Mombasa bila mkebe wa aiskrimu haujakamilika. Akaifunga mashine kwenye boti ya faiba ya ami yake, Hamid, akapakia jamaa wote, wakatoka kupunga upepo.

Walipofika mbele ya Mji wa Kale, ukuta wa pwani umejaa watu na nguo zao za sikukuu, akabonyeza kitufe na kuinua mikono juu kama aliyefunga bao.

Boti ikazunguka. Ikazunguka tena. Mara saba, wallahi, kwa utulivu kabisa, na Muhdhar katikati mikono ingali juu. Binamu yake Zaid alikuwa pale ukutani na simu. Video ya sekunde arobaini na tatu, maandishi juu: "NAHODHA FENI AKIWA NAMBA TATU. MKIMTIA NAMBA TANO ATAPAA." Kufikia magharibi ilikuwa imefika hadi Kibarani. Watu wa Kizingo, wale wasiocheka hadharani, waliitazama mara mbili mbili ndani ya magari yao. Mtu mmoja aliandika kuuliza kama nahodha anafungwa hata kwenye dari ya chumba cha kulala.

Jina angelivumilia. Kilichomnyima usingizi ni ami yake. Bega la kulia la Ami Hamid liliharibika alipoteleza ngazini miaka miwili iliyopita, na sasa akishika usukani dakika kumi jasho lamtoka. Boti anayo miaka ishirini na mbili. Sasa kuna bwana mmoja wa Kizingo anaitaka, na angekuja kuitazama Jumamosi baada ya alasiri.

"Ikienda sawa mbele ya macho yangu, naiweka," Ami Hamid alimwambia. "Ikizunguka, naiuza. Na wewe nakutia ndani kama kifaa cha ziada."

Ndipo Muhdhar akamwendea rafiki yake Joab, fundi umeme wa bandarini, mtu wa bara, anayetengeneza sensa za mikono ile mikubwa ya kupakulia makontena. Joab ana daftari la mraba na sheria moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Muhdhar naye alikuwa na sheria yake: badilisha vitu sita kwa pamoja, kisha ulaumu kiwanda.

Jumatatu walikuta waya wa sensa umeota kutu ya kijani kwa chumvi. Wakautoa, wakatia mpya. Wawili wao wakaenda mpaka daraja la Nyali na kurudi, boti imenyooka kama iliyopigwa rula. Jumanne Joab yuko kazini, Muhdhar akachukua jamaa awaonyeshe. Feni.

Jumatano wakaitenga mota mbali na sensa, maana mota ina sumaku ndani yake na dira haipendi sumaku. Wawili wao: rula. Alhamisi na jamaa: feni, na safari hii shangazi mmoja akatapika.

Barazani kila mnywa kahawa akawa daktari wa sensa. Mmoja alisema dira ya Kichina haiyajui maji ya Tudor. Mwengine akasema ni uzito. Mamake Muhdhar, Bi Shariffa, akasema ni kijicho tu, akaifukiza boti mpaka udi wa nyumba nzima ukaisha. Boti ikanukia kama bi harusi. Ijumaa ikazunguka vilevile, ikinukia.

"Yakhe, sensa yako yajuaje kama leo ni siku ya jamaa?" Joab aliuliza, akilitazama daftari. "Kesho naomba ruhusa kazini. Naja mwenyewe."

Jumamosi ikafika. Bwana wa Kizingo akaja na viatu vya ngozi. Ami Hamid amekaa nyuma, bega amelifunga mtandio. Bi Shariffa, bila kualikwa, akaingia na chupa ya chai na mahamri, akaketi mahali pake, kile kiti cha katikati chenye mto wa darizi. Hapo ndipo pakavu kuliko pote, na katika boti yoyote ya watu wenye adabu, pakavu ni pa mama.

Muhdhar akabonyeza kitufe. Mikono safari hii aliitia mfukoni.

Boti ikaanza kukata kona.

"Naona," bwana wa Kizingo akasema taratibu. "Hii ndiyo ile ya kwenye simu?"

Ami Hamid akaunyoosha mkono wake mzima, akaushika ubavu wa boti kama mtu anayeaga.

Joab alikuwa ameikodolea macho simu yake, ambako namba za sensa zilikuwa zikipita. "Boti imegeuka nusu duara, na dira yasema bado twaelekea mashariki. Haijasogea hata nukta."

Bi Shariffa akaona watu wamenuna. Akainuka ende kumpa mgeni chai. Boti ikanyooka.

Akarudi, akaketi. Boti ikakata kona.

Joab akamgeukia. "Mama, samahani sana. Hebu simama, usogee kule mbele."

Akasogea. Rula.

"Sasa keti."

Feni.

"Muhdhar!" Bi Shariffa akang'aka. "Rafiki yako asema mimi ndiye mkosi? Mimi niliyekuzaa?"

"Mama, hakuna aliyesema hivyo."

"Boti imesema!"

"Mama," Joab akauliza, sauti chini kama yuko kanisani, "hapo chini ya kiti waweka nini?"

"Mkoba wangu. Nani huacha mkoba wake? Nikisimama nao, nikiketi nauweka hapa kando ya mkebe, pakavu."

Ukafunguliwa. Ndani mlikuwa na pini za kushikia mitandio, zile za sumaku zisizotoboa kitambaa, kadi nzima nzima. Jihan, dadake Muhdhar, huziuza, na mamake hamkuti mwanamke popote bila kumwonyesha. Sumaku dazeni nne, upana wa kiganja kutoka kwenye sensa. Dira haikuisikia tena dunia, ilisikia mkoba tu. Kila kompyuta ilipoiuliza, ilijibu "bado mashariki", na kompyuta, iliyoagizwa kwenda upande wa daraja, ikazidi kugeuza.

"Na nani aliyetia mkebe chini ya kiti cha mama?" Joab akauliza, kalamu tayari.

Muhdhar akatazama maji. Ni yeye. Aliona haya watu wauone mkebe wa aiskrimu, akauficha pakavu kuliko pote, na mto juu yake akautandika mwenyewe.

Mkoba ukapelekwa mbele kabisa, mapajani mwa bwana wa Kizingo, aliyeambiwa na Bi Shariffa asiuachie. Boti ikashika njia ya daraja, imenyooka. Ami Hamid akaukodolea macho usukani unaojisogeza wenyewe, kidogo huku, kidogo kule. Kisha akapokea kikombe cha chai kwa mkono mmoja na hamri kwa wa pili. Miaka miwili hakupata kula baharini na boti ikienda.

"Bwana," akamwambia mgeni, mdomo umejaa, "nisamehe kwa usumbufu. Hii siiuzi."

Zaid alirekodi safari hiyo pia, dakika nne za boti kwenda sawa. Waliotazama ni kumi na mmoja, na watatu kati yao wameandika kulalamika kwamba haizunguki.

Sasa na nyinyi msikae kimya mkitucheka. Wewe unaitwaje mtaani kwenu, na ni mashine gani iliyokuponza? Tuandikieni hapa chini. Bi Shariffa anasomewa zote, na yuwangoja kwa hamu kusikia mama wa mwengine akisingiziwa.