Mstari Uliopinda wa Vernon Skaggs

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Vernon Skaggs amepiga magoti kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya Uwanja wa Briggs, anapaka rangi mstari ambao hakuna mchezaji atakayeukanyaga tena.

Ukungu wa mtoni haujainuka. Majukwaa ya matofali yamelowa umande. Mashine yake ya kupakia mistari, ambayo gurudumu moja linalia tangu mwaka juzi, ameiacha kando. Kona hii huipaka kwa brashi, kwa mkono, na siku zote hupenda kuipaka akiwa peke yake.

“Usisimame hapo,” anamwambia mwandishi bila kuinua kichwa. “Si kwamba unaharibu rangi. Umesimama juu ya mtu.”

Jumatatu matingatinga yanaingia. Nyasi za Chuo cha Tolliver, zilizochezewa tangu wachoma matofali wa mji huu wa Ohio walipoujenga uwanja mwaka 1927, zitang'olewa zote pamoja na udongo wake, zipakiwe kwenye malori, zikajaze barabara mpya nyuma ya kilima. Mahali pake patatandikwa nyasi bandia zenye mistari iliyoshonwa kiwandani. Haifutiki na mvua wala haihitaji mtu wa kuipaka.

Vernon ana miaka sitini na sita, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimalizia hapa. Analipwa dola kumi na saba kwa saa, magoti yake yote mawili yamekwisha, na kesho anastaafu. Hana kinyongo na nyasi bandia. Kinachomnyima usingizi ni kona hii moja.

Aliyezitaka nyasi hizo ni kocha mkuu mpya, Marcus Tillery, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Amekuja na makocha wasaidizi watano, na mmoja wao bado analala kwenye kochi la ofisini kwa kukosa nyumba. Msimu uliopita timu ya chuo, ya ule mpira wa Kimarekani unaorushwa na kudakwa kwa mikono, ilishinda mechi mbili kati ya kumi. Mrusha mpira wao mzuri amechukuliwa na chuo kikubwa.

“Vijana wanakuja kututazama, wanaona tope, wanarudi kwenye magari ya mama zao,” anasema Kocha Tillery. “Mwaka huu mechi tatu za mwanzo tunazichezea ugenini, uwanja hautakuwa tayari. Safu ya ulinzi ni watoto watupu. Tukishinda nne, nitacheza ngoma mbele ya maktaba, na mnipige picha.”

Mambo yalianzia kwa mpima ardhi. Alikuja mwezi wa nne, dada mmoja mchangamfu aitwaye Jenna, akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu katikati ya uwanja. Alipima, akapima tena, kisha akamwita Vernon kwa mkono.

“Mzee wangu, kona hii uliipaka umelewa?”

“Mimi sinywi.”

“Basi hii futi nzima imetoka wapi? Kote umenyoosha kama uzi, ukifika hapa unatanuka kwenda nje!”

Vernon alikuna kidevu, akasema macho ya uzee.

Mji wa Tolliver ni mdogo na hauna siri ya kulala nayo. Kufikia mchana habari ilikuwa imeshafika kwenye mgahawa anaokula kila siku. Watu waliulaza uma mshazari mezani makusudi na kumwita, “Vern, hebu njoo, huu umenyooka?” Mwingine alimwambia mke wa Vernon akague kama ndoa yao nayo haijapinda. Vernon alimaliza maharage yake na mkate wa mahindi, akalipa, akatoka.

Kwa mtu wa kazi hii, kuambiwa mstari wako umepinda ni kuvuliwa nguo sokoni. Naye alikubali kuvuliwa, akanyamaza, kwa sababu jibu lililokuwepo halikuwa lake peke yake.

Jibu hilo lina jina. Linaitwa Dewey Ratliff.

Mzee yeyote hapa atakusimulia ile Jumamosi ya mwaka 1980, hata usipomuuliza. Tolliver ilikuwa nyuma, zimebaki sekunde chache, na ushindi ungewapeleka kwenye fainali ambayo hawajawahi kuicheza, si kabla wala baada ya hapo. Mpira ulirushwa kwenda kona hii. Dewey, kijana mwembamba wa mjini hapa hapa, aliruka akaudaka hewani na kutua kwenye eneo la kufungia. Watu elfu nne walipiga kelele. Mwamuzi akapunga mikono: mguu umetua nje ya mstari. Mechi ikaishia hapo.

“Mji mzima uliona yuko ndani,” anasema Vernon.

Na yeye je?

Anachovya brashi kwenye kopo. “Nilikuwa nimekaa upande wa pili,” anasema, na kurudi kwenye mstari.

Dewey hakupata kitu kingine maishani cha kumsahaulisha. Alifanya kazi kwenye tanuri la matofali hadi lilipofungwa, akaugua saratani ya damu, akafa mwaka 1991 akiwa na miaka thelathini na miwili. Alimwachia mama yake ombi moja: mwili wake uchomwe na majivu yake yamwagwe kwenye ile kona, ndani ya mstari.

Kanuni za chuo zilikataza. Mama yake, Bi Opal Ratliff, hakwenda kuomba ruhusa kwa wakubwa. Alikuja kwa mtunza uwanja asubuhi moja ya mwezi wa tatu, amevaa koti la kanisani, amekumbatia mkebe wa kahawa.

“Alisema, ‘Vern, usiponiruhusu nitarudi nao nyumbani, sitagombana na wewe,’” anakumbuka Vernon. “Sasa mtu akikuambia hivyo, utamfukuza kwa moyo gani?”

Alivua kofia, akasimama pembeni. Bi Opal alifungua mkebe. Alipoanza kumwaga alifumba macho, maana hakuweza kutazama. Ndipo upepo wa mtoni ulipokuja. Ukayabeba yale majivu yote, ukayaangusha ng'ambo ya mstari, karibu futi moja nje.

Alipofumbua macho, machozi yalikuwa yamemjaa asione chochote. “Yuko ndani, Vern?”

“Yuko ndani, Bi Opal.”

Vernon anaacha kupaka, anakaa chini kwenye nyasi zenye umande. “Ningemwambia nini? Mwamuzi alishamwambia mwanawe yuko nje mbele ya watu elfu nne. Na mimi nimwambie yuko nje, tukiwa wawili tu?”

Jioni ile ile aliukwangua mstari wa zamani, akapaka mwingine futi moja zaidi upande wa nje. “Nilisema uongo saa tatu asubuhi,” anasema. “Kufika saa kumi ukawa kweli.”

Tangu hapo hajawahi kuurudisha. Bi Opal naye hajakosa mechi ya nyumbani. Kiti chake kiko safu ya chini, karibu kabisa na kona. Hufika mapema na blanketi lake, huisalimia kona, kisha hukaa na kuanza kuwatukana waamuzi kwa adabu ya mtu wa kanisani.

Wala mstari ule haukukaa bure. Mwaka 2003 mchezaji mmoja wa timu pinzani alidaka mpira kwenye ile futi ya ziada, mwamuzi akahesabu, na Tolliver ikapoteza mechi. “Tulifungwa na rangi yangu mwenyewe,” Vernon anasema. “Kocha wa wakati ule alilia machozi. Mimi nikaenda kujificha kwenye banda la mashine, sijui nilikuwa nacheka au nalia.”

Mwezi uliopita, alipojua tarehe ya matingatinga, alikwenda ofisini kwa Kocha Tillery akamweleza yote akiwa amesimama. Kocha alimsikiliza hadi mwisho. Kwa mujibu wa mkataba udongo wote ni wa mkandarasi, hakuna ruhusa ya kuchukua hata koleo moja.

“Nilimwuliza, unataka kipande kikubwa kiasi gani?” anasema Kocha Tillery. “Akanionyesha kwa mikono, kama mtu anayeonyesha kitanda cha mtoto. Mimi nina watoto watatu, ndugu yangu. Nikamwambia, kata. Wakija kuniuliza nitasema ni panya.”

Ugumu ulibaki kwa Bi Opal.

Ana miaka themanini na tisa, anaishi mwenyewe kwenye nyumba ya mbao chini ya barabara ya kanisa. Vernon alikwenda Jumapili baada ya ibada. Alikuwa ameamua kumwambia habari ya matingatinga tu. Lakini bibi alipomwekea chai baridi, akamwambia, “Angalau miaka yote hii alikuwa ndani, sivyo?” mdomo ukakataa kusema ndiyo kwa mara nyingine. Akamweleza habari ya upepo.

“Alinitazama kwa muda mrefu mpaka barafu ikayeyuka kwenye chai,” anasema.

Bi Opal mwenyewe haukatai ukali wake. “Nilimwambia atoke,” anasema. “Nilimwambia, ‘Umeniacha nikae kwenye kiti kile mpaka nimezeeka, namwambia mwanangu hongera, kumbe yuko nje?’ Akasema, ‘Hayuko nje, mama, nilihamisha mstari.’ Nikamwambia atoke hivyo hivyo. Nilikuwa na hasira, na ningali nayo kidogo, asidhani imekwisha.”

Siku mbili hakupokea simu yake. Vernon alimaliza kukata nyasi za uwanja ambazo hazikuwa na haja ya kukatwa. Mkewe anasema alikuwa akiamka na kukaa jikoni bila kuwasha hata birika.

Siku ya tatu simu ililia, na bibi hakusalimu.

“Mstari wenyewe bado uko pale ulipouweka?”

“Umefifia, Bi Opal, lakini upo.”

“Basi upake tena. Sitaki uniletee nyasi tupu kama za watu wote. Umkate na mstari wake.”

Akakata simu.

Ndiyo maana leo, Alhamisi, amepiga magoti hapa kabla jua halijatoka. Rangi inapokauka anawasha mashine ya kung'olea nyasi na mizizi yake, anaisukuma polepole, na kipande kinaachana na ardhi pamoja na udongo wake mweusi. Vernon anakikunja kama mkeka. Anajaribu kukiinua, magoti yanamkatalia.

Kocha Tillery anashuka kutoka majukwaani na wasaidizi wake wote watano, majitu yenye kaptura na filimbi shingoni. Hakuna aliyewaita. Wanakishika kipande pande zote na kukibeba hadi kwenye gari la Vernon. Njiani yule wa kwenye kochi la ofisini anavua kofia, na wengine, mmoja mmoja, wanafanya vivyo hivyo. Udongo kidogo uliobaki kwenye kona Vernon anaukusanya kwa mikono yake, anautia kwenye ndoo, kisha anageuka ukutani na kulia. Makocha wanajifanya wanafunga kamba za gari.

Makocha wanalifuata gari hadi kwa Bi Opal. Bibi amekaa kibarazani, amevaa koti lile lile la kanisani ingawa jua limeshakuwa kali. Hamsalimu Vernon. Anaonyesha kwa fimbo mahali alipopachagua jana, mbele ya ngazi, aweze kupaona kutoka kitini.

Vernon amekwisha kuchimba tangu jana. Anakilaza kipande, anakikandamiza kwa viganja, anamimina udongo wa kwenye ndoo pembeni. Mstari mweupe unapita juu ya nyasi, mpana, bado mpya, na kwa ndani yake kuna futi moja ya majani.

Bibi anashuka ngazi, kwa shida, bila kutaka kushikwa. Anagusa nyasi kwa ncha ya fimbo, kisha anagusa mstari. Mwandishi na makocha wanatazama barabarani.

“Kwa hiyo ni hapa,” anasema. “Upande huu.”

“Upande huo, Bi Opal.”

“Habari za asubuhi, mwanangu,” anaziambia nyasi.

Kisha anamgeukia Vernon, na sauti yake imerudi kuwa ya yule anayewatukana waamuzi. “Mvua ikinyesha utafutika.”

“Nitakuja kuupaka. Kila Alhamisi. Kocha amenipa ile mashine ya zamani, na kuanzia kesho mimi sina kazi nyingine.”

Huo ndio mpango wake wa kustaafu, anasema, na hana mwingine. Mkewe alitaka waende Florida kuona bahari. Wataenda, lakini katikati ya Alhamisi mbili.

Bi Opal anarudi kibarazani ngazi moja moja. Anaketi, anavuta pumzi, anakitazama kile kipande kidogo cha uwanja kwenye ua wake.

“Nami nikifa, Vern, nataka unitie hapo hapo naye.”

“Sawa, mama.”

“Ndani.”

“Ndani.”

Bibi anakipima kwa macho kile kipande, futi moja tu ya nyasi. “Ni padogo, Vern. Tutatosha wawili?”

Vernon anafuta mikono kwenye suruali. “Msipotosha,” anasema, “nitausogeza mstari.”