Kikohozi Tulichokisingizia Moshi

Kule Kiritiri kila anayechoma makaa hukohoa, kwa hivyo mama mkwe wangu alipoanza kukohoa hakuna aliyeshtuka. "Hii ni moshi tu," alisema, nasi tukaridhika. Kilichonikosesha raha ni binti yangu. Ni kifungua mimba, amepewa jina la nyanya yake kama ilivyo desturi yetu, na hao wawili huitana wajina, hula sahani moja na kulala kitanda kimoja.

Hospitali mama hakutaka kuisikia. Sokoni walikuwa wameambiana kwamba siku hizi usipolipa bima unarudishwa dirishani. Basi akageukia duka la dawa, ambako huulizwi unaumwa nini, unaulizwa unataka vidonge vingapi. Akiuza gunia la makaa ananunua vichache, makaa yakikosa mteja anakaa bila. Hasira zilinipanda. Tumeifanya dawa kuwa sukari ya kupimiwa dukani, halafu tunashangaa ugonjwa hauishi, na ugonjwa wenyewe unapumua usoni mwa mtoto wangu!

Alipokonda hadi sketi ikawa inamshuka, nilimburura hadi hospitalini.

"Bima yako haijalipwa, shosho," karani alisema dirishani.

Mama akanigeukia kama aliyeshinda kesi. "Si nilikuambia? Twende, mbuzi hazijakunywa maji."

Akashikwa na kikohozi papo hapo. Muuguzi wa kliniki ya kifua alikuwa akipita, akasimama.

"Shosho, hiyo kikohozi si ya dirisha. Kuja huku kwangu. Mambo ya TB ni free, kupimwa na dawa."

"Free kabisa?" mama aliuliza.

"Kabisa."

"Na mbona hakuna mtu alituambia?"

 Muuguzi alimpa maski, akatutangulia.

Ilikuwa TB kweli. Mtoto naye akatakiwa kupigwa picha ya kifua, nami nikakaa kusubiri majibu. Daktari alipotoka na kusema kifua chake ni safi, nililia mbele ya foleni nzima wala sikuona haya. Alipewa dawa ya kumkinga, akakatazwa kulala na nyanya yake kwa muda. Hapo ndipo vita vilipoanza. Kila jioni walipigiana kelele kutoka nyumba hii hadi ile.

"Wajina, umekula?"

"Nimekula! Na wewe umemeza dawa?"

Mama alimeza, tena kwa bidii ya mtu anayetaka mjukuu wake arudi. Siku hizi akisikia mwenzake anakohoa kwenye magunia, humwacha mteja amesimama akaenda kumgombeza aende kupimwa.

Juzi muuguzi alisema wanaweza kulala pamoja tena. Jioni binti yangu alibeba blanketi lake, akavuka ua bila hata kuniaga. Nilisimama mlangoni nikitega sikio. Walikuwa wakicheka sana huko ndani, na hakuna aliyekohoa.